Nasari zetu zilijengwa na kina mama
Kuna watu hudhani nasari za vijijini zililetwa na serikali. Zii! Miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni waliwafungia Wakikuyu katika vijiji vya lazima, kina mama wakatumwa kuchimba mitaro. Watoto wakabaki kwenye vituo vya kuwashikia, wakinywa uji. Baada ya uhuru 1963, vikundi vya kina mama vikaibeba hiyo kazi kwa harambee: walichanga, wakaezeka mabati, wakamlipa mwalimu wao wenyewe (mshahara wenyewe, usiulize). Katiba ya 2010 ikazipa kaunti nasari pamoja na vituo vya kulelea watoto. Sasa niambie, mtaani kwenu kaunti imejenga vituo vingapi? Mukuru, mama bado analipia chumba cha mabati, siku kwa siku.