Sello ya Elgar na Vita Vilivyoishia Jirani na Ufipa

Machi 1918, baada ya kukatwa mafindofindo hospitalini London, mtunzi Mwingereza Edward Elgar aliomba kalamu na karatasi, akaandika wimbo unaopanda na kushuka taratibu. Alikuwa na umri wa miaka 60. Wimbo huo ndio uliokuja kuwa uti wa sehemu ya kwanza ya konseto yake ya sello, yaani kazi ambamo sello hupigwa peke yake mbele ya orkestra; sello ni ile fidla kubwa ambayo mpigaji huishika katikati ya magoti. Mwezi huo huo von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani wa Afrika Mashariki, na askari wake walikuwa porini Msumbiji, Waingereza wakiwafukuza, na wapagazi wa pande zote mbili wakifa njiani kwa njaa na kuhara damu.

Mimi nafundisha kwaya hapa Kirando, Ufipa. Wapo wanaoniambia kwamba muziki wa namna hii ni mambo ya Wazungu, hautuhusu. Kwa konseto hii sikubali. Wengi husikia ndani yake maombolezo ya Vita Kuu ya Kwanza, na vita hivyo vilipita kwenye maji yetu. Ziwani Tanganyika, Desemba 1915, Waingereza waliiteka meli ya Kijerumani Kingani. Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Juni 1916 wakaingia ngome ya Bismarckburg, pale Kasanga, kusini mwetu. Julai, Wajerumani wakaizamisha meli yao Goetzen kwa mikono yao wenyewe huko Kigoma, baada ya kupaka mashine zake grisi ili zisishike kutu. Ndiyo Liemba tunayoijua: iliibuliwa mwaka 1924, ikaanza safari kwa jina hilo mwaka 1927. Na vita viliishia wapi? Abercorn, yaani Mbala ya leo, hatua chache tu kutoka Ufipa ukivuka mpaka. Von Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha pale tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya bunduki za Ulaya kunyamaza.

Upande wa Waingereza peke yake walichukuliwa wapagazi zaidi ya milioni moja. Waliokufa hawapungui 95,000. Ninaposikia sello ile inaingia, nawahesabu na wao.

Kazi yenyewe Elgar aliikamilisha mwaka 1919 katika nyumba ya mashambani iitwayo Brinkwells, Sussex, mahali ambapo wakati wa vita mizinga ya Ufaransa ilikuwa ikisikika kutoka ng'ambo ya bahari. Sello inaanza peke yake, kwa nguvu, inasema maneno machache na kushuka. Klarineti zinaijibu kwa sauti ya chini, na klarineti nzuri huchongwa kwa mpingo, mti wa kwetu. Sioni aibu kulitaja hilo. Kisha fidla za sauti ya kati zinaubeba ule wimbo bila chombo kingine chochote chini yake. Nilipowasikilizisha wanakwaya wangu kwa simu, mzee mmoja wa besi, mvuvi wa dagaa, alisema huyu mpigaji ameachiwa msiba peke yake.

Hapo mzee aligusa tatizo la zamani la konseto za sello. Sauti ya sello iko chini, kama ya mwanamume, na orkestra kubwa huimeza. Haydn, miaka ya 1760, hakuhangaika sana, kwa kuwa kikundi chake kilikuwa kidogo. Dvořák, aliyeandika yake New York miaka ya 1894 na 1895, alikuwa na matromboni na vyombo vya kila aina, akalazimika kuvinyamazisha mara kwa mara. Elgar alikwenda mbali zaidi: ana orkestra kamili, lakini huiita kwa uchache, chombo hiki kisha kile, na kuna mahali sello inabaki karibu uchi. Ujasiri huo naustahi kuliko kelele zote za ushindi alizoandika kabla ya vita.

Onyesho la kwanza, London, tarehe 27 Oktoba 1919, liliharibika. Mpigaji alikuwa Felix Salmond, na Elgar mwenyewe aliongoza, lakini kiongozi mwenzake katika tamasha lile, Albert Coates, alikula muda wa mazoezi. Orkestra ikaingia haijajiandaa. Aprili 1920 mke wake, Alice, akafariki, na baada ya hapo Elgar hakukamilisha tena kazi kubwa ya kiwango kile.

Konseto iliokolewa na wapigaji, hasa wanawake wawili. Beatrice Harrison aliirekodi mwaka 1928, Elgar akiongoza, mwaka mmoja tu baada ya Liemba kuanza safari. Mwaka 1965 akaja kuirekodi Jacqueline du Pré, binti wa miaka 20, chini ya uongozi wa John Barbirolli, ambaye mwaka 1919 alikuwa miongoni mwa wapiga sello waliokaa katika orkestra ile ile isiyojiandaa. Dunia nzima inampenda du Pré, na ni haki yake. Mimi kwa wanakwaya wangu huanza na Harrison. Rekodi inakwaruza na orkestra inasikika kwa mbali, lakini hakokotezi huzuni. Anaitamka na kuendelea mbele, kama Elgar aliyesimama mbele yake alivyotaka.