Mfupa wa Koobi Fora: Unathibitisha Nini?

Katika darsa moja baada ya Swala ya Magharibi huku Mbezi Beach, kijana aliuliza: "Shekhe, ni kweli imegunduliwa Kenya kwamba watu wa kale walikula watu?" Swali hili si la kupuuzwa. Tuhuma ya kula nyama ya mtu ni nzito, na Qur'ani imetufunza kuthibitisha habari kabla ya kuitolea hukumu (49:6).

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1970 Mary Leakey alipata kipande cha mfupa wa muundi huko Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 1.45. Mwaka 2017 Briana Pobiner wa taasisi ya Smithsonian, Marekani, aliuchunguza jijini Nairobi akitafuta alama za meno ya wanyama wakali, akakuta mikato. Nakala za alama hizo alipelekewa mtafiti Michael Pante bila kuambiwa ni za nini, naye akazilinganisha na alama 898 za meno, za zana na za kukanyagwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023: kati ya alama 11, 9 ni za zana ya jiwe, na 2 ni za meno, yaelekea ya simba. Mikato yote imeelekea upande mmoja, mahali shavu la mguu linaposhikana na mfupa. Aliyekata alikuwa akitoa nyama.

Ndugu msomaji, hukumu hutaka mambo matatu: tendo, mtendaji na hali. Kwa tendo, mfupa huu ni karina yenye nguvu. Ama mtendaji, hajulikani. Zama hizo paliishi zaidi ya jamii moja ya viumbe waliotembea kwa miguu miwili, na hata mwenye mfupa hajabainika ni wa jamii ipi. Iwapo mkataji alikuwa wa jamii nyingine, basi hakumla mwenziwe. Pobiner mwenyewe amelikiri hilo. Ama hali, iwe njaa, uadui au ada, mfupa umenyamaza.

Linganisha na njaa ya Misri ya mwaka 597 Hijria (1200-1201 Miladia). Tabibu Abd al-Latif al-Baghdadi alikuwepo, akaandika jinsi watu walivyokula watu. Hapo watendaji na hali yao vinajulikana, na fuqahaa wanayo ya kusema. Mashafii wamemruhusu mwenye dharura, asiyepata kingine chochote, kula maiti kwa kiasi cha kuokoa roho. Wengi katika madhehebu nyingine wamekataza kwa utukufu wa mwanadamu. Ama kumuua asiye na hatia ili aliwe, hakuna aliyehalalisha.

Kwa hiyo jibu kwa kijana wetu ni hili: imethibiti kuwa nyama ilikatwa, haijathibiti kuwa mtu alimla mtu. Uhusiano wa viumbe hao na kizazi cha Nabii Adam (AS) ni mlango mwingine. Tukumbuke pia kwamba sura ile ile imemfananisha msengenyaji na mla nyama ya nduguye aliyekufa (49:12). Basi tuchunge ndimi zetu, hata kwa waliotutangulia.

Wallahu a'alam.