Ndege wa Majira ya Baridi, Uasin Gishu

Korongo weupe wa Ulaya ya mashariki huhama Agosti, kabla baridi haijaanza. Hukwepa kuvuka bahari pana kwa sababu hubebwa na hewa ya moto inayopanda kutoka nchi kavu. Hivyo hupitia Bosphorus, Sinai na bonde la Nile, wengine wakifika hadi Afrika Kusini. Ushahidi wa mapema wa safari hiyo ulipatikana Ujerumani mwaka 1822, korongo alipouawa karibu na Klütz akiwa na mkuki wa Kiafrika umepenya shingoni. Uwanda wa Uasin Gishu, ulioinuka zaidi ya mita 2,000, uko kwenye njia yao.

Hapo kale uwanda huo ulikuwa malisho ya Wamaasai, kisha ya Wanandi, na panzi wa nyasini waliwatosha korongo. Mwaka 1908 Makaburu walioongozwa na Jan van Rensburg walipanda kutoka Nakuru na magari ya ng'ombe, wakaanza kufumua nyasi kwa plau. Korongo hakuwa mgeni kwao: Afrika Kusini alijulikana kwa kula nzige. Reli ilipofika Eldoret mwaka 1924, ngano ikapata njia ya sokoni na mashamba yakatanuka.

Kalenda ya ngano iliwafaa ndege kana kwamba ilipangwa kwa ajili yao. Mavuno huanza Oktoba, na udongo hupinduliwa kati ya Januari na Machi, Ulaya ikiwa bado na theluji. Plau hufunua mabuu, mende na panya. Korongo, yangeyange na kwarara huandamana nyuma ya trekta wakiokota.

Waingereza waliokuja baadaye walitoka katika nchi ambako kulisha ndege wa bustanini kulienea baada ya baridi kali ya 1890–91, magazeti yalipowahimiza wasomaji kuwamwagia makombo. Kufikia 1910 jarida la Punch liliita jambo hilo burudani ya taifa. Eldoret hapakuwa na haja nalo. Baridi ya Julai huja na mvua, na chakula cha ndege hakikatiki. Tena mkulima wa wimbi alikuwa na kazi iliyo kinyume kabisa: kuamia, yaani watoto kushinda shambani wakipiga kelele na kurusha mawe hadi mavuno.

Baada ya uhuru mashamba makubwa yalinunuliwa na kampuni na vyama, mengi yakagawanywa, na mahindi yakaipiku ngano katika sehemu kubwa ya wilaya. Dawa za kuua wadudu nazo zikapunguza chakula cha korongo.

Aliyeumia zaidi ni korongo taji, ambaye hahami. Huokota punje mashambani baada ya mavuno, lakini wakati wa kupanda hufukua mbegu za mahindi, akageuka adui. Vinamasi anamotaga vinakaushwa ili vilimwe. Mwaka 2012 aliingizwa katika orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka.