Nyimbo Nyepesi za Karaoke, Tangu Kobe ya 1971

Mteja alikuwa na kiwanda kidogo cha chuma, na kuimba hakukuwa fani yake. Kila alipokwenda kunywa katika baa za Sannomiya, mjini Kobe, alimtaka mpiga kinanda mmoja tu, Inoue Daisuke, kwa sababu Inoue alijua pale bwana huyu anapochelewa na pale sauti inapomkatikia, akampigia kwa kumfuata. Siku moja mteja akamwomba wafuatane hadi kwenye chemchemi za maji moto, akampigie mbele ya wageni wake wa biashara. Inoue hakuweza kuacha kazi. Akarekodi muziki mtupu kwenye utepe, kwa mwendo na kimo alichojua bwana yule atakimudu, akamkabidhi aende nao. Aliporudi, kama Inoue alivyosimulia mwenyewe baadaye, alitaka tepu nyingine.

Mwaka 1971 Inoue akaunda masanduku 11 yenye kaseti, amplifaya, maiki na tundu la sarafu ya yeni 100, akayakodisha kwa baa za Kobe. Aliyaita 8 Juke. Miaka minne kabla yake, jijini Tokyo, mwenye kiwanda cha vifaa vya umeme aitwaye Negishi Shigeichi alikuwa ametengeneza sanduku lake, Sparko Box, baada ya fundi wake mkuu kumtania kwamba anaimba vibaya. Hakuna kati yao aliyesajili hataza. Negishi alifariki mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 100. Inoue alitajwa na jarida la Time mwaka 1999 miongoni mwa Waasia waliokuwa na athari kubwa zaidi katika karne ya 20.

Nimeanza na wanaume hawa kwa kuwa visa vyao vyote viwili vina mtu ambaye sauti yake haikumtii. Neno karaoke lenyewe limeundwa na kara, yaani tupu, na oke, kipande cha neno okestra. Okestra isiyo na mwimbaji inamsubiri yeyote aliyepo, na aliyepo mara nyingi ni karani aliyetoka kazini, amechoka, mbele ya wakubwa zake. Ndiyo maana swali la wimbo upi ni mwepesi limekuwapo tangu siku ya kwanza.

Kwa kizazi cha Inoue jibu lilikuwa karibu. Kabla ya mashine, vichochoro vya baa vilikuwa na nagashi, wapiga gitaa waliopita mlango hadi mlango wakiimba au kumsindikiza mteja kwa malipo. Katika miaka ya 1950 kulikuwa pia na mikahawa ya kuimba kwa pamoja, watu wakishika vitabu vya nyimbo mkononi. Nyimbo zilizopita huko nyingi zilitungwa kwa ngazi ya sauti ambayo Wajapani huiita yonanuki, maana yake "ya nne na ya saba zimetolewa". Zinabaki noti tano: do, re, mi, so, la. Ukiondoa fa na ti unaondoa zile hatua nyembamba za nusu noti ambazo ndizo humtelezesha mwimbaji asiye na mazoezi. Ngazi hii ilienea kupitia nyimbo za shule tangu enzi ya Meiji, kwa hiyo mzee wa Kijapani aliyeingia baa mwaka 1971 alikuwa nayo sikioni tangu utoto.

Jambo la pili lilikuwa mizani, na hapa msomaji wa Kiswahili yuko nyumbani. Ushairi wa Kijapani huhesabu mizani kama wetu. Tofauti ni kwamba shairi letu la kawaida hugawa mshororo nane kwa nane, wao hupenda saba na tano, na nyimbo nyingi za zamani zimejengwa juu ya hesabu hiyo. Mizani moja, noti moja. Hata namna ya kuhesabu inafanana kwa kiasi kinachonishangaza hadi leo. Sisi tunapohesabu "mtu" tunapata mizani mbili, kwa kuwa ile m husimama peke yake. Wao wanapohesabu Nihon, jina la nchi yao, wanapata tatu: ni, ho, na n inayosimama peke yake. Sisi "kaa" ni mbili. Kwao Tokyo ni nne, kwa kuwa o zote mbili ni ndefu. Irabu zao ni tano, a, i, u, e, o, na karibu kila silabi huishia kwa irabu. Mtu wa Tanga au wa Bukavu akiandikiwa wimbo wa Kijapani kwa herufi za Kilatini ataanza kuusoma siku hiyo hiyo. Labda tsu ndiyo itamsumbua kidogo, na hiyo nayo sote tumeshaisikia katika neno tsunami.

Kwa hiyo nikiulizwa wimbo wa kwanza wa kujifunza, sisiti kutaja Ue o Muite Aruko. Maneno ni ya Ei Rokusuke, tuni ni ya Nakamura Hachidai, na mwimbaji ni Sakamoto Kyu, mwaka 1961. Mwendo wake ni wa mtu anayetembea bila haraka, na sehemu kubwa ya tuni imekaa kwenye zile noti tano. Mwaka 1963 ulishika nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki tatu, ukiimbwa kwa Kijapani kitupu, chini ya jina la Sukiyaki, ambalo ni jina la chakula na halihusiani kabisa na wimbo. Sakamoto alikufa katika ajali ya ndege ya Agosti 1985 iliyoua watu 520.

Tahadhari moja kuhusu nyimbo za zamani. Enka, zile za huzuni za bandari na mapenzi yaliyoshindikana, zina mwendo wa pole na watu hudhani ni nyepesi. Zina kitu kiitwacho kobushi, kuizungusha sauti juu ya irabu moja kabla ya kuiachia. Aliyekulia kwenye taarabu atakitambua mara moja, na atajua pia kwamba hakijifunzwi kwa usiku mmoja. Misora Hibari alikuwa malkia wa uimbaji huo, lakini alituachia Kawa no Nagare no Yo ni, wa mwaka 1989, mwaka aliofariki, ambao hata asiye na kobushi anaweza kuuimba kwa heshima. Kiitikio chake hupanda taratibu, kinakupa nafasi ya kuvuta pumzi.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1978, bendi ya Southern All Stars ilipotoa Katte ni Sindbad. Kuwata Keisuke, mwimbaji wake, alimimina maneno kwa kasi, akabana mizani kadhaa ndani ya noti moja. Hesabu ya mizani moja kwa noti moja ikavunjwa, na vijana wakapenda. Mwaka 1982 Pioneer ikaleta diski za leza, maneno yakaonekana kwenye skrini pamoja na picha. Katikati ya muongo huo, mkoani Okayama, mtu aligeuza kontena la mizigo kuwa chumba cha kuimbia. Kontena lile naliona kuwa na uzito kuliko diski. Mpaka hapo ulikuwa unaimba katika baa ndogo mbele ya watu usiowajua na mama mwenye baa. Sasa ungeweza kufunga mlango na rafiki zako watano, wanafunzi kwa wanafunzi, na kukosea hadi mpate.

Vyumba vile vikavuta muziki kuelekea kwao. Jina J-pop, la muziki wa pop wa Kijapani, lilianzia redio ya J-WAVE ya Tokyo mwaka 1988. Katika miaka ya 1990 diski ndogo za sentimita 8 ziliuzwa zikiwa na wimbo na pia toleo lake lisilo na sauti ya mwimbaji, ili mnunuzi ajifunze nyumbani. Mwaka 1992 mashine zikaanza kupokea nyimbo kwa laini ya simu, na wimbo mpya haukuhitaji tena kusubiri diski. Komuro Tetsuya, mtunzi aliyetawala muongo ule, alipandisha viitikio juu sana, na wasichana wa shule wakavifuata hadi sauti zikakauka.

Lakini muongo ule ule, pamoja na miaka michache iliyoufuata, ndio uliotupa nyimbo ninazozipendekeza zaidi. Cherry wa Spitz, 1996, una tuni inayokaa akilini baada ya kuusikia mara mbili. Mirai e wa Kiroro, mabinti wawili wa Okinawa, 1998, ni wa pole, na maneno yake ya mama na mtoto hutamkika wazi. Chiisana Koi no Uta wa MONGOL800, nao wa Okinawa, 2001, una kasi kidogo, ila tuni hujirudia na haipandi mbali. Wimbo wa SMAP wa mwaka 2003, Sekai ni Hitotsu Dake no Hana, uliotungwa na Makihara Noriyuki, ulikusudiwa kuimbwa na wengi kwa pamoja, na ukikwama wenzako watakubeba.

Baada ya hapo ukaja ugumu wa aina nyingine. Mwaka 2007 ilitoka Hatsune Miku, programu ya kompyuta inayoimba. Kompyuta haina mapafu. Watunzi vijana walioanza kazi kwa kuiandikia walizoea kutotenga mahali pa kuvuta pumzi, na kurusha sauti chini juu bila kuihurumia. Ayase, mtunzi wa YOASOBI, alitokea huko, na Yoru ni Kakeru wa mwaka 2019 unaonyesha hivyo waziwazi. Nauona ni wimbo mzuri mno. Namwomba anayeanza auache kwanza, hata kama vijana wote chumbani wanaujua.

Mashine za leo hutoa alama hadi 100 na kuchora mistari ya kimo cha sauti kwenye skrini. Mimi ningezitazama alama hizo baadaye kabisa. Kitufe chenye faida ni kile cha kushusha muziki kwa nusu noti. Kushusha mara mbili au tatu si aibu. Inoue alimfanyia yule bwana wa chuma kazi hiyo hiyo kwa vidole vyake.

Wajapani huuita wimbo ambao mtu ameumiliki juhachiban, yaani namba 18, kutokana na michezo 18 ya kabuki ambayo ukoo wa waigizaji wa Ichikawa Danjuro uliifanya urithi wake katika karne ya 19. Kila mtu chumbani hujua namba 18 ya mwenzake, na hamchukulii. Ukienda mara ya kwanza chagua Ue o Muite Aruko, ushushe nusu noti mbili, na ukifika kwenye kile kipande cha mluzi, piga mluzi.