Mzigo Usiouagiza: Historia Fupi ya Kuzuia Matangazo, Kutoka Tanga hadi Kwenye Bando Lako

Uko Lushoto, una bando la siku. Unafungua habari ya mistari kumi, na kabla hujasoma wa pili, video ya kubeti inaanza kujicheza yenyewe. Alama ya kuifunga ni ndogo kama punje ya mtama. Mpaka uipate, MB zimeshakwenda.

Tangazo lenyewe si geni Usambara. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Lushoto ikiitwa Wilhelmstal, walowezi wa Kijerumani walikuwa na gazeti lililochapishwa Tanga. Jina lake la kwanza lilikuwa Anzeigen für Tanga, yaani Matangazo ya Tanga, na baadaye likaitwa Usambara-Post. Umeona mpangilio? Matangazo kwanza, gazeti baadaye. Ila tangazo la karatasini lilikuwa na adabu: lilikaa mahali pake. Halikumfuata msomaji, na kugeuza ukurasa hakukumgharimu senti.

Adabu hiyo ilianza kuisha tarehe 27 Oktoba 1994, tovuti ya Marekani iitwayo HotWired ilipoweka mabango ya matangazo yaliyolipiwa, likiwemo la AT&T. Miaka michache baadaye, katika kampuni ya Tripod, kampuni moja ya magari ililalamika kwamba tangazo lake limekaa kwenye ukurasa wa mambo ya ngono. Ethan Zuckerman akaandika kodi ya kulifungulia tangazo dirisha lake pembeni. Hivyo ndivyo dirisha la kuchomoza lilivyozaliwa: kwa kumwonea aibu mteja! Mwaka 2014 Zuckerman aliomba radhi hadharani.

Watumiaji nao hawakukaa kimya. Mwaka 2002 mwanafunzi wa Denmark, Henrik Aasted Sørensen, aliandika Adblock wakati alipotakiwa kujisomea mtihani. (Wanafunzi wenzangu, kuna matumaini.) Lakini Adblock ya mwanzo iliificha tu picha ya tangazo; picha yenyewe ilikuwa imeshapakuliwa. Kwa mtu mwenye intaneti ya kulipia kwa mwezi, hiyo si shida. Kwa wewe unayenunua MB, ni sawa na kulipia chakula kisha ukafunikiwa sahani.

Hapa ndipo inafaa kuelewa programu hizi zinavyofanya kazi. Fikiria lori la mboga linaloteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo, kisha Dar. Wewe uliagiza kabichi tu. Njiani dereva anapakia viti, magodoro na redio inayopiga kelele, vya watu wengine, halafu nauli ya vyote unalipa wewe. Ukurasa wa tovuti uko hivyohivyo: maandishi yanatoka seva moja, ila ndani yake kuna maagizo ya kwenda kuchukua picha, video na vifuatiliaji kwenye seva nyingine. Kizuizi kizuri kina orodha ndefu ya anwani hizo. Kivinjari kinapotaka kuziita, kinakatazwa kabla mzigo haujapakiwa. EasyList, orodha maarufu kuliko zote, ilianza mwaka 2005. Adblock Plus ya Wladimir Palant ikafuata mwaka 2006, na uBlock ya Raymond Hill mwaka 2014. Hill hapokei hata michango.

Kwetu jambo hili ni la mfukoni. Si unakumbuka Aprili 2021? Vifurushi vipya vilipoanza kutumika, watu walipiga kelele mpaka serikali ikasitisha utaratibu ule ndani ya siku chache. Nchi inayogombania MB kiasi hicho ina haki ya kuuliza ni nani anayezila.

Lakini subiri, kuna upande wa pili, na mimi siupuuzi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu Tanzania alipe takriban shilingi milioni 2.1 ili apate leseni na kuendelea mwaka wa kwanza. Wengine walifunga. Mwandishi wa namna hiyo anategemea vijisenti vya matangazo, na kila anayezuia anampunguzia. Adblock Plus ilijaribu njia ya katikati mwaka 2011: matangazo yasiyosumbua yanapita, na kampuni kubwa zinalipa ili yapite. Kwangu mimi hiyo inafanana mno na mlinzi wa geti anayechukua chake. Hata hivyo, wachapishaji wa Axel Springer walipoishtaki kampuni yake, Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani iliamua Aprili 2018 kwamba kuzuia matangazo si kosa.

Ninachofanya mimi ni kuzuia kila mahali, kisha kuruhusu tovuti ninazozipenda moja moja. Kitufe cha kuruhusu kipo kwenye programu zote hizi. Kama unatumia Android, jua kwamba Chrome ya simu haipokei viongezi, ila Firefox inapokea, na uBlock Origin inafanya kazi humo. Opera Mini nayo inabana kurasa kwenye seva zake kabla hazijakufikia, na tangu 2016 ina kizuizi chake. Matangazo yaliyo ndani ya app zenyewe hayaguswi na kiongezi cha kivinjari, kwa hiyo video ukiitazamia kwenye kivinjari badala ya app, utaona tofauti kwenye salio la bando jioni hiyohiyo.