Takwimu za magonjwa: namna ya kugeuza mistari iwe kolone

Huku mashariki, zaidi kando ya maziwa, kipindupindu hakijatuacha miaka mingi. Kila juma vituo vya afya vinatoa hesabu ya wagonjwa. DHIS2, programu ambayo Wizara ya Afya ya RDC inatumia kwa takwimu, na programu zingine za aina hiyo, zinaweka habari kwa mistari: juma, eneo la afya, kituo, ugonjwa, idadi ya wagonjwa. Kwa mashine ni vizuri, juu ripoti mpya inaongezwa chini tu. Lakini sisi tukipewa ile faili, mistari mamia, hatuoni kama Karisimbi inapanda ao inashuka.

Kinachotakiwa ni kila eneo la afya liwe na mustari wake mmoja, na majuma yapangwe pembeni, kila juma na kolone yake. Watu wengi wanakimbilia kunakili na kubandika kwa « Transposer ». Hapana. Ile inalaza tu jedwali ubavu, haijumlishi kitu.

Kwenye Excel ya Kifaransa, bonyeza ndani ya jedwali, halafu Insertion, halafu « Tableau croisé dynamique ». Vuta eneo la afya mpaka Lignes, juma mpaka Colonnes, wagonjwa mpaka Valeurs. Ugonjwa uweke kwenye Filtres na uchague kipindupindu peke yake, bila hivyo surua nayo itajumlishwa humo humo. Asiye na Excel atumie LibreOffice, ni ya bure, na kazi hiyo iko kwenye menyu ya Données.

Sasa mutego wenyewe, na mimi niliisha kuanguka ndani. Kama kwenye kolone ya wagonjwa kuna kisanduku kitupu ao neno, Excel mara nyingi inachagua « Nombre » pahali pa « Somme ». Inahesabu mistari, haihesabu wagonjwa! Tuseme, kwa mfano tu, vituo vitatu vya Karisimbi vimeandika 40, 25 na 12. Jumla ni 77, lakini wewe utasoma 3 hewani, na mama anayechota maji ziwani atafikiri hatari imepita.

Majina pia yanasumbua. « Minova » na « Minova » yenye nafasi mwishoni, kwa programu zinaweza kuwa maeneo mawili. Mistari mipya ikiingia, ubonyeze « Actualiser », jedwali halijibadilishi lenyewe.

Na kisanduku kitupu si sifuri. Sifuri inaandikwa na kituo chenye kusema hakuna mgonjwa. Kitupu maana yake hakuna mustari ulioingia: pengine barabara imefungwa, pengine muganga amekimbia vita. Kabla ya kusema « hakuna kisa Minova juma hili », piga simu kwanza.