Nguo za Kingolwira zililala wapi kabla ya kabati?

Ukiingia chumba cha kulala cha kawaida pale Kingolwira, kile cha futi 10 kwa 10, kitu cha kwanza kukugonga goti ni mlango wa kabati. Hesabu yake si ngumu. Kabati la futi 4 kwa 2 linakula futi 8 za mraba, na ili milango yake ifunguke vizuri lazima mbele paachwe nafasi nyingine kama hiyo. Tayari 16. Weka kitanda cha 5 kwa 6, weka kapu la nguo chafu, basi, watu wawili hawapishani. Na wakati huohuo uvungu wa kitanda hichohicho, futi 30 za mraba nzima, una kandambili moja na vumbi.

Mitandaoni siku hizi zimejaa video za dada wa ughaibuni anaviringisha fulana kama chapati, watu wanashangaa. Jamani, hayo mambo hapa yana umri mrefu.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, enzi za Wajerumani, na ikapitia hapohapo Kingolwira. Ukaja mkonge, na mkonge ukaleta manamba, wanaume walioitwa hivyo kwa sababu kila mmoja aliandikwa kwa namba. Kambi zao zilikuwa za vyumba vidogo vya kupangana mstari. Mtu aliyetoka mbali kwa mkataba hakuhitaji kabati, na angeliweka wapi? Nguo ya kazi ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na ile moja ya sikukuu ilikaa ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda.

Kisha kuna gereza. Kingolwira inajulikana nchi nzima kwa gereza lake la kilimo, na penye gereza pana kota za askari. Askari ana jambo moja ambalo raia wengi hawalifahamu: uhamisho. Leo Kingolwira, kesho Songea. Kabati la mbao likishapanda lori mara mbili linaanza kulegea viungo, mlango unashuka, kioo kinapasuka. Sanduku lina mishikio miwili na kufuli moja, unalibeba hivyohivyo lilivyo. Kwa hiyo mke wa askari alijua kupanga nguo kuliko fundi yeyote wa kabati.

Na alipanga kwelikweli. Blanketi na vitu vizito chini. Juu yake kanga, zote zimekunjwa kwa upana uleule wa sanduku ili pasibaki upenyo, na vitambaa vya kichwa vimesokomezwa kwenye pembe. Kipande cha sabuni ya kunukia katikati, kwa harufu. Sanduku lenyewe likawekwa juu ya matofali mawili, maana mchwa wa Morogoro hana mchezo, na mvua za Uluguru zikianza, sakafu inatoa unyevu na nguo inaingia kawa. Kila baada ya muda vyote vinatolewa, vinaanikwa juani, vinarudi. Waliosema mtaka cha uvunguni sharti ainame walikuwa wanaongea jambo la kila siku kabisa.

Lakini nafasi ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni ufunguo. Ufunguo wa sanduku ulifungwa kwenye pindo la kanga ya mwenye nyumba wa kike, na hakuna aliyeuomba bila sababu. Doti ambazo hazijakatwa hazikuwa nguo za kuvaa, zilikuwa akiba. Kuna msiba, doti inatoka. Mtoto wa ndugu kazaliwa, inatoka nyingine. Mambo yakiharibika na mwanamke akarudi kwao, sanduku ndilo lililotangulia mlangoni.

Sheria ilikuja kuyasema hayo kwa lugha yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitamka kwamba kuoana peke yake hakubadilishi mali ya mtu kuwa ya mwenzake, na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Ajabu ni kwamba mama aliyeipeleka kesi hiyo mwenyewe hakuambulia kitu, rufaa yake ilitupwa. Waliofaidi ni wenzake waliofuata. Kabla ya hapo, na kwa wengi hata baada ya hapo, hakimu alikuwa ni kufuli.

Miaka hiyohiyo ya mwanzo wa 1980 bidhaa zilikuwa adimu, kanga mpya ilipatikana kwa foleni, na aliyekuwa na sanduku lililojaa alikuwa tajiri asiyetaka kujulikana. Halafu katikati ya muongo milango ya biashara ikafunguliwa na mitumba ikamwagika, ile watu waliyoiita kafa Ulaya. Hapo ndipo sanduku liliposhindwa. Nguo zikawa nyingi na za bei rahisi, zikahamia kwenye mifuko ya shangazi kaja, mifuko ikapanda juu ya kabati, na kabati likawa alama ya nyumba iliyoendelea.

Kwa upande mmoja kabati ni ukombozi, suti na magauni yanahitaji kuning'inia. Kwa upande mwingine lina mlango mmoja wa watu wawili. Ukweli usemwe, wanawake wengi waliopata kabati walipoteza ufunguo. Ndiyo maana katika nyumba zenye kabati la milango mitatu bado unakuta mlango mmoja, mara nyingi ule wa pembeni, una kitasa chake peke yake, na fundi aliuweka kwa maagizo ya mama.

Nguo nazo zinaumia. Kabati lililogandishwa kwenye ukuta wenye unyevu huota kawa nyuma bila mtu kujua, wakati sanduku lilivutwa na kuanikwa. Kuliachia kabati nafasi ya kiganja kimoja kutoka ukutani kunasaidia.

Na sasa mafundi seremala wanapokea oda za kitanda chenye droo kubwa mbili chini, za kuvuta, zenye kitasa. Kinauzwa ghali kuliko kitanda cha kawaida, na wateja wanakiita cha kisasa.